Mapazia ya Rachida

Tangu Sudi alipostaafu ufundi wa magari, mke wake Rachida alikataa katakata wazeekee kwenye viti vya barazani. Walinunua kombi kuukuu, wakang'oa viti vya abiria, wakaingiza godoro, mbabula, yaani jiko la makaa, na bidoni mbili za maji. Walitaka kuifuata njia ya zamani ya misafara, ile ambayo babu zao waliipita kwa miguu, mpaka Kilwa, si ile ya pwani, bali ile ya kwao kando ya ziwa. Mwezi mzima, polepole, wakilala popote watakapopapenda.

Asubuhi ya safari, mtoto wao Shafi alifika nyumbani kwao mtaani Bel-Air amekunja uso.

"Mama, bazee kama ninyi banabakiaka ku nyumba. Ile barabara iko mubaya. Na mukifia mu njia?"

"Bale balipita mbele yetu, barabara yao ilikuwa muzuri?" Rachida akamjibu. "Habakuwa hata na gari."

Shafi akachungulia ndani ya kombi, akaduwaa. Madirishani zilining'inia sanda mbili alizowaletea wazazi wake kutoka Maka, zimechovywa katika maji ya Zamzam. Miaka miwili alidhani zimelala sandukuni, zikisubiri.

"Mama! Ile iko sanda yenu!"

"Sikuikata, niliikunja tu." Rachida akapanda mbele, kando ya mume wake. "Siku tutakufa, mutaitoa pale, mutatuzika nayo. Leo tuko bazima, iko inatukingia jua. Papa Shafi, washa gari."