Waliobaki Walikuwa Wangu

Mume wangu ni mtoto wa skimu ya umwagiliaji ya Bura. Kwao maji ya mfereji huja kwa zamu, na mkulima anayefungulia shamba lake siku isiyo yake husemwa na kijiji kizima. Hivyo ndivyo alivyouendesha mshahara wetu. Mwisho wa mwezi alifuta meza, akachomeka kalamu sikioni, akaanza kufungulia na kufunga: unga, karo, nauli, maji, mama yake. Pesa ya karo haikugusa unga, na ya unga haikugusa nauli. Mimi, muuguzi niliyeshinda zahanati nikitoa amri kwa watu wazima, nilikaa mbele yake kimya nikisubiri zamu yangu.

Mkopo wa nyumba haukuwa kwenye hesabu hiyo, maana ulikatwa kabla mshahara haujatufikia. Tuliuchukua baada ya mafuriko ya Tana kuibeba nyumba yetu ya udongo pamoja na vyombo na kitanda cha mtoto. Chama cha akiba na mikopo kikatupa pesa, kikashika hatimiliki ya kiwanja, nasi tukajenga nyumba ya mawe upande wa juu wa Garsen, vyumba vitatu na baraza. Kila aliyepita barabarani alituona matajiri. Hakujua kwamba hata bawaba za mlango zilikuwa za chama, na kwamba siku nyingi chai yetu ilikuwa ya rangi. Mimi, binti wa wafugaji, kunywa chai bila maziwa! Niliona aibu hata kumwambia baba yangu.

Kitu tulichogombania ni akiba. Mwalimu, ndivyo ninavyomwita mume wangu, alitaka tuweke chochote kila mwezi ili siku moja tuupunguze mkopo kwa mkupuo, tupumue. Mimi nilikuwa na jibu moja tu.

"Akiba yangu iko kwa Aba. Na inazaa."

Aba ni baba. Kwetu, kitovu cha mtoto kikianguka, baba humpa mtoto ng'ombe mtamba, na mtamba huyo na uzao wake wote ni mali ya mtoto huyo maisha yake yote. Aba hakubagua wa kike na wa kiume. Wa kwangu aliwakata ncha ya sikio la kushoto ili wasichanganyike na wake, na hata nilipoolewa aliendelea kuwachunga wote pamoja kule nyikani. Mwalimu alinicheka.

"Benki yako ina mikia, mama watoto. Nyasi zikikauka utatoa nini?"

Nilimnunia siku mbili tatu. Ningekuwa na tabia nzuri ningemwambia ana haki ya kuuliza, lakini tabia nzuri sikupewa.

Kisha mvua ikakosekana, na msimu uliofuata ikakosekana tena. Nikampigia Aba, nikamwambia nafikiria kuuza wachache tupunguze deni.

"Leo bei ya ng'ombe ni bei ya mbuzi, mwanangu," alisema. "Ngoja mvua."

Tukangoja. Mwalimu hakunikumbusha maneno yake, na hilo lilinichoma kuliko kama angenikumbusha. Alikaa mezani akafunga fungu la nyama, akafunga la nguo za Idi, na pesa hizo akanunua mabua ya mahindi kwao Bura, akayapakia kwenye lori lililokuwa likishuka hadi upande wa Kilelengwani, ambako Aba alikuwa amewahamishia ng'ombe kutafuta majani ya deltani. Yeye ambaye hakuwahi kuchukua fungu moja kulipia jingine! Nilimpenda sana miezi ile. Na kila mzigo ulipoondoka nilimpigia Aba.

"Usiwaache wafe, Aba. Hao ndio nyumba yangu."

"Nimesikia," alijibu kila mara.

Nilipata ruhusa kazini nikaenda kumwona kwa pikipiki. Mizoga ilikuwa pande zote mbili za njia, na dereva alijifunga shuka puani, mimi nikajifunga mtandio. Nilimkuta Aba akimwinua ng'ombe. Ng'ombe akidhoofika hawezi kusimama mwenyewe asubuhi. Mmoja hushika mkia, wengine hupitisha fito chini ya tumbo, wakamsimamisha na kumshikilia mpaka miguu iache kutetemeka. Aba alikuwa ameshika mkia. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa.

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

Ng'ombe waliokuwa wamesimama pale walikuwa wachache. Nikaangalia sikio la wa kwanza. Nikaangalia la wa pili, na wa tatu, nikazunguka zizi lote. Kila sikio la kushoto lilikuwa halina ncha.

"Wa kwako wako wapi, Aba?"

"Wamekwisha."

"Wote?"

"Mabua hayakutosha wote. Na mmeyanunua kwa pesa yenu. Nitalishaje ng'ombe wangu kwa pesa ya mwanangu?"

"Niliyatuma kwa ajili yako!"

"Ulisema hawa ndio nyumba yako."

Nilimpigia kelele. Sijawahi kumwinulia Aba sauti, si kabla ya siku ile wala baada yake, lakini pale mbele ya jirani zake nilimwuliza nani alimtuma, nani alimwambia binti anataka ng'ombe kuliko baba. Alinisikiliza bila kuachia mkia. Nilipochoka nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia.

"Basi chukua hawa," nilimwambia. "Ni wako."

"Cha kitovu hakirudi," alisema. "Kinarudi mtoto akifa. Usiseme tena neno hilo."

Baada ya wiki chache aliwaleta mwenyewe mnadani Garsen, wale walioweza kutembea. Alisema bora niuze ngozi yenye pumzi kuliko ngozi tupu. Mnunuzi aliwachoma mbavu kwa fimbo na kutaja bei ambayo siku nyingine Aba angemfukuza nayo. Siku hiyo aliitikia kwa kichwa. Pesa tuliipeleka kwenye chama, na karani akanipongeza kwa kulipa zaidi ya ninachodaiwa kwa mwezi. Nilimwambia asante. Deni lilipungua kidogo, na Aba akahamia chumba chetu cha tatu na fimbo yake na kibuyu cha maziwa ambacho hakikuwa na maziwa.

Mvua ilikuja wakati hatuihitaji tena. Nyika ikawa kijani, na ukoo ukakutana. Kwetu, mtu aliyepoteza mifugo yote huchangiwa na wenzake, huyu mtamba, yule ng'ombe wa maziwa, mpaka asimame tena. Hiyo si sadaka, ni haki yake, na Aba alikuwa amewachangia wengi. Tukasikia fulani amepewa, na fulani amepewa. Aba alianza kuamka mapema na kuvaa kanzu safi, akakaa barazani akiangalia njia.

Ami yangu, ndugu mdogo wa Aba, alipokuja zahanati kupimwa presha, nilifunga mlango wa chumba tukabaki wawili.

"Ami, na baba yangu?"

Alinitazama kwa mshangao, wala hakuwa na ubaya.

"Baba yako analala kwenye nyumba ya mawe. Binti ana mshahara, mkwe ana mshahara. Tumpe yeye, tumwache anayelala chini ya mti na watoto?"

Nilimpima presha, nikamfungulia mlango. Jioni nilimwambia Aba kwamba nitakwenda kwenye kikao cha ukoo mwenyewe, nitawaambia nyumba hii ni ya chama, hatimiliki hatunayo, deni litatufikisha uzeeni, chai tunakunywa ya rangi.

"Hutakwenda," alisema.

"Kwa nini, Aba? Ni kweli!"

"Mimi sasa sina kitu ambacho watu wananihesabia isipokuwa hiki. Wakinitaja wanasema, yule ambaye binti yake ana nyumba. Ukienda kuwaambia huna, nitakuwa nani?"

Mwalimu aliinuka akatoka nje. Mimi nilibaki nimeshika birika, na moyo wangu ukavunjika hivi kwamba nilihisi maumivu yenyewe, hapa kifuani, kama ninavyowasikia wagonjwa wakieleza.

Sikwenda kwenye kikao. Siku hizi Mwalimu akifuta meza huanza na fungu jipya, la mtamba wa Aba. Lakini ng'ombe waliponona bei nayo ilipanda, chama bado kinakata chake, na fungu lenyewe ni jembamba. Nimeshapiga hesabu ya miaka inayotakiwa. Nimemwangalia pia Aba anavyoshika ukuta akiinuka kitini.

Juzi asubuhi wale waliochangiwa walipita barabarani wakipeleka ng'ombe wao malishoni. Aba alitoka mpaka langoni. Walimwamkia kwa heshima zote, mmoja akaisifu nyumba kwa sauti, naye akaitikia na kuuliza habari za nyasi. Mtamba mmoja alijitenga na wenzake akaja kula majani ya uani kwetu, akafika karibu naye kabisa. Aba alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Mchungaji akamswaga mtamba wake wakaenda. Aba akaingia ndani, akakaa akiupa mlango mgongo.

"Funga mlango, mwanangu," alisema. "Vumbi linaingia."

Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha, na barabara nzima ilikuwa tope. Nikaufunga.