Patron na Mapigo ya Moyo

Miaka ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji huko Kongo, nilikuwa kwenye duka moja la Bukavu nikinunua sabuni. Karani wa duka alishika kifua.

“Patron, roho inanipiga mbiombio.”

Patron, yaani bosi mwenye duka, aliyejisifu kwamba aliwahi kuishi China, alimwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akafumba macho kama padri.

“Wachina wanajua hii. Damu iko muzuri. Ni woga inakimbiza roho yako. Nani anakuogopesha?”

Karani akaitazama fimbo chini ya kwapa la patron.

“Hakuna mutu, patron.”

“Unadanganya! Sasa inapiga zaidi!”

Wateja tukainamia sabuni zetu. Wachina sina ugomvi nao. Lakini bingwa wetu alikuwa anautafuta ugonjwa kwenye mkono wa karani, kumbe ameubana kwapani mwake.