Kikombe Kikijaa, Niite

Nimekata kitako cha chupa ya maji na kuigeuza, maji yadondoke kupitia kitambaa chenye kahawa ya unga hadi kikombeni. Harufu ya kahawa baridi imenirudisha mtaa wa Ng'ambo, karibu na stesheni ya treni, kwenye kibaraza chetu.

Mama alitundika chupa kama hii msumarini, akakaza kifuniko mpaka tone likawa linajivuta.

"Ikishuka haraka inakuwa chungu," alisema. "Kaa uiangalie. Kikombe kikijaa niite, tunywe na asali."

Nilikaa. Hata honi ya treni ilipolia stesheni, sikuinua macho.

"Mama, tayari," nikaita.

Aliyeitika ni shangazi. "Mama yako ameshapanda treni. Hakutaka umwone akiondoka."

Leo nimelegeza kifuniko. Kahawa imeshuka haraka, na wala si chungu.