Doti ya Bibi Katika Soko la Kyoto

Siku nzima ilitugharimu yeni elfu sita na mia sita, nauli ya basi na tambi za mchana zikiwemo. Nimejumlisha mara mbili. Tiketi za ndege sizihesabu, maana alizilipa dada yangu Zuhura, aliyekuwa akifundisha Kiingereza huko Kyoto. Lakini kila nikifungua kabati langu hapa Saltley, Uingereza, harufu ya ubani wa hekaluni hunipiga puani, nami hurudi kuwa mtoto wa miaka kumi, Mama kanishika mkono katikati ya soko la vitu vikuukuu.

Soko lilikuwa uani mwa hekalu. Zuhura alitupa sharti moja: kila mtu atafute hazina yake. Mimi nilipata kengele ya baiskeli isiyolia. Mama alikuwa bado anaicheka alipoinua rundo la vitambaa kwenye meza ya mzee mmoja, akachomoa kimoja.

Ilikuwa kanga. Doti nzima, haijakatwa, nyekundu kwa nyeusi, na maandishi yake: UTASEMA MCHANA, USIKU UTALALA.

Zamani kanga nyingi za pwani zilichapwa Japani, na bibi yangu wa Mombasa hakutaka nyingine. Ya maneno haya hasa aliivaa kila alipopita mbele ya nyumba ya jirani yake mmoja, polepole, ili asomwe vizuri. Bibi alipofariki, karatasi za Mama za Uingereza zilikuwa hazijatoka. Hakuweza kwenda kuzika. Dada zake waligawana kanga za marehemu, na fungu la Mama likaishia mikononi mwa watu wengine. Kwa hiyo mjue alichokuwa amekishika pale mezani.

Lakini mngemwona, msingejua.

"Zuhura, muulize bei. Kisha mwambie ina doa."

"Mama, haina doa."

"Mwambie tu, mwanangu."

Mzee alisema elfu tatu. Mama akasema elfu moja. Mzee akatabasamu: elfu tatu.

"Mama, hapa bei haipunguzwi," Zuhura alinong'ona.

"Kila mahali hupunguzwa. Wengine hawajaambiwa." Akairudisha kanga mezani kama mtu anayerudisha nyanya iliyooza. "Twendeni. Msigeuke. Ataita."

Kwenye maduka ya Alum Rock Road, kwetu Saltley, hatukuwahi kufika mlangoni kabla ya kuitwa. Hapa tulipita vyungu, tukapita masanduku, tukafika langoni. Kimya. Nikatupa jicho la pembeni. Mzee alikuwa akituinamia kwa heshima zote, kutuaga. Halafu akaiokota kanga na kumfungulia mteja mwingine, mama mmoja mwenye mwavuli.

Mama alikimbia. Mtu mzima, na buibui lake, katikati ya vyungu vya watu.

"Hiyo ni yangu!" alimwambia yule mwenye mwavuli, kwa Kiswahili, na yule akaelewa, akaachia.

Mzee hakukasirika. Alimuuliza Zuhura kama sisi tunajua kusoma yale maandishi. Mama wa mzee huyo alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kuchapa vitambaa hivyo, akafa bila kukutana na mtu wa kumwambia vinasema nini.

Mama akasoma. Zuhura akatafsiri. Mzee akaomba arudiwe, kisha akacheka hadi akashika meza. Akasema mama yake naye alikuwa na jirani wa aina hiyo. Mama akacheka pia, huku machozi yanamtiririka, akiyafuta kwa pembe ya mtandio.

Msidhani bei ilishuka. Haikushuka hata yeni moja. Mama alilipa elfu tatu, akamshukuru mzee kwa mikono miwili.

Njiani nilimwonea huruma, nilidhani ameshindwa. Nilikuwa mkubwa sana nilipoelewa kwamba ile mbinu yake yote ilikuwa ya kutuficha sisi watoto jinsi alivyoitaka, na kwamba urithi hauombewi nafuu. Namshukuru mzee yule hata leo kwa kutotuita. Angetuita, ile kanga ingekuwa bidhaa tu.

Mwaka huu Mama ametukabidhi sisi wawili ile doti, bado haijakatwa, nami nimeiweka kabatini mwangu. Zuhura anasema kanga ni ya kuvaliwa, tuikate, kila mtu achukue kipande chake. Mimi mkasi unanigomea. Nyinyi mliokwisha kugawana kanga za mama zenu, nishaurini: mlianzaje?