Asubuhi Tulizovuta Jiwe

Mwezi wa saba mwaka huu nilirudi nyumbani Buswelu, Mwanza, nikalala katika chumba kile kile nilimokuwa nikilala na bibi. Alfajiri nikaamka mwenyewe, bila simu kulia. Baridi ilikuwa imeniingia magotini. Nikajitanda kanga mabegani, nikatoka uani, na mahali palipokuwa na jiwe letu nikakuta ukuta wa matofali. Mama aliniambia baadaye kwamba walilichoma moto likapasuka, wakaligonga likawa kokoto za msingi wa nyumba ya mtu. Nilisimama mbele ya ule ukuta kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Kabla sijaendelea, rafiki yangu, najua watu wa Njombe na Makete watacheka wakisikia naiita ile baridi. Wacheke tu. Sisi tuliozaliwa kando ya ziwa tumezoea jua. Ikifika mwezi wa sita, mvua imekatika na upepo umeanza, tunavaa masweta mpaka saa nne asubuhi na kulalamika kama watu walioonewa. Kila nyumba ina mafua. Juu ya kila jiwe pana michembe imeanikwa, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba vikauke, na mtoto akipita anadokoa kimoja na kukitafuna njia nzima.

Msimu mmoja wa namna hiyo, nikiwa darasa la nne, baba alimleta mama yake kutoka Ukerewe. Bibi alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kushoto ulikuwa mzito na mdomo umepinda. Walimbeba juu ya kitanda mpaka gatini Nansio, wakamfunika blanketi gubigubi kwa sababu ya upepo, na wanawake waliokuwa wakisubiri meli, kuona mtu amefunikwa vile, wakaangua kilio. Bibi alikuwa hai chini ya blanketi, anasikia kila kitu, ila ulimi haukumtii.

Uliporudi kumtii, jambo la kwanza alilotusimulia lilikuwa hilo. "Nimejisikia nikililiwa," alisema. "Na aliyelia kuliko wote hata hatupatani." Akacheka kwa upande mmoja wa uso. Kisha akatuambia kwamba kwake atarudi, lakini hatarudi mpaka aweze kushuka melini kwa miguu yake mwenyewe. Mtu akiondoka amebebwa na akarudi amebebwa, alisema, watu hawaulizi hali, wanaenda kutafuta majembe. Alikuwa na nyumba yake kule, shamba lake la muhogo na kaburi la babu la kufagia. Alitaka mvua za kwanza zimkute huko.

Mtaalamu wa viungo hospitalini alimwelekeza baba mazoezi ya kumfanyisha: kunyoosha mkono, kuinua mguu, kuvuta kitu kizito. Baba akarudi nayo kichwani kama mwanafunzi aliyekariri. Bibi akakataa katakata. Mtu mzima, alisema, hanyanyui mguu bure, mguu unanyanyuliwa ukiwa unakwenda mahali. Mama akabembeleza. Baba akafoka kidogo, halafu akaomba radhi kwa sababu aliyekuwa akimfokea ni mama yake. Mwisho bibi akachoka na kelele zao. "Mnataka nirushe mikono peke yangu, niwe kichaa wa nyumba hii? Kama ni dawa, tunywe wote."

Tukainywa wote. Kila siku kabla jua halijachomoza baba aligonga milango, tukatoka uani tukitetemeka. Baba alivaa sweta lake la shule ya sekondari, vifungo havikutani tumboni. Kaka, aliyekuwa kidato cha pili, alivuta kofia mpaka kwenye nyusi ili wenzake wakipita wasimtambue. Mama alinunua suruali ya mazoezi mtumbani, kisha akaona haya kuivaa mbele ya mama mkwe, akafunga kanga juu yake. Bibi akamtazama akiruka na kuishikilia kanga isidondoke. "Vua hiyo kanga mwanangu," alimwambia, "utajikwaa uvunjike, halafu nani ataniogesha?"

Jiwe lilikuwa nyuma ya uwanja, refu kuliko nyumba, limekaa hapo tangu dunia iumbwe. Baba alilizungushia kamba nene ya katani ili bibi apate kitu cha kuvuta. Sisi tukashika kwanza kumwonyesha mfano. Bibi, akiwa kwenye kigoda chake, akakunja uso. Yeye alikulia ufukweni, enzi ambazo familia nzima ilishika kamba kuvuta kokoro, ule wavu mrefu unaozoa samaki kutoka majini mpaka mchangani. Siku hizi umekatazwa kwa kuwa unazoa hata vifaranga vya samaki, lakini usichana wake wote aliupitishia hapo.

"Mnavuta kwa mikono," alitusimanga. "Kamba haivutwi kwa mikono, inavutwa kwa kisigino. Na msivute kila mtu na pumzi yake."

Basi akawa mwalimu, na akasahau kwamba alikuwa mgonjwa. Alituita, "Harambee!" nasi tukaitika, "Eeh!" tukiegemea nyuma kwa pamoja, visigino vikichimba udongo. Mwanzoni aliita akiwa amekaa. Baadaye akashika ncha ya kamba kwa mkono mzima, halafu kwa mikono yote miwili. Halafu akasimama, mama akimshika kiuno. Ilipofika katikati ya mwezi wa saba tulikuwa tukiikaza kamba, naye anatembea kando yake kuelekea kwenye jiwe, mkono baada ya mkono, na mimi nyuma nimebeba kigoda asije akachoka njiani. Tukimaliza tulitoka mvuke. Mama alitumiminia uji wa ulezi na kutupa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa ndipo vikakaushwa, vitamu mpaka leo sijapata kitu cha kulinganisha.

Sasa wewe mwenyewe fikiria jirani anayechungulia kupitia ua wa minyaa alfajiri, akaona familia nzima inavuta jiwe kubwa kuliko nyumba, wakiongozwa na mwanamke mzee aliyeletwa kutoka visiwani. Haikuchukua muda Buswelu yote ikajua kwamba tumegundua mali ya Mjerumani. Kwetu kila jiwe kubwa watu huamini lina rupia zilizofukiwa na Wajerumani walipokuwa wanakimbia vita, na watu wameshachimba milima mizima bila kupata hata kifungo. Ikasemekana bibi ndiye mtaalamu wa kuwaondoa mizimu wanaoilinda. Dukani nilipotumwa chumvi, muuza duka alinipa pipi bure na kuniuliza kama jiwe limeshatikisika.

Mwenyekiti wa mtaa akaja mwenyewe asubuhi moja na wazee wawili, wamejifunika makoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja kuvuta au kutazama?"

Mwenyekiti akasema amesikia habari. Baba akaanza kumweleza mambo ya kiharusi na mtaalamu wa viungo. Bibi akamkatiza, akasema kamba ina nafasi. Mwenyekiti alikuwa na tumbo kubwa na heshima kubwa zaidi, lakini alivua koti akashika. Alivuta kwa mikono. Bibi akampigia kelele kama alivyotupigia sisi.

Usidhani safari yote ilikuwa ya kucheka. Kuna wiki mguu ulikataa. Bibi alianguka uani, akapakaa vumbi upande mzima wa uso, tukamwinua. Kesho yake hakutoka. Alilala akitazama ukuta, na mimi niliyelala naye nilimsikia akilia kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kuamsha mtu. Niliogopa sana. Nilijua kalenda ilivyokwenda. Mwezi wa tisa ulikuwa karibu na mvua hazimsubiri mtu. Zikapita siku kadhaa hatutoki, kila mtu kajifunika blanketi lake.

Kisha alfajiri moja tukasikia, "Harambee!" Alikuwa baba, peke yake uani. Akajiitikia mwenyewe, "Eeh!" Akarudia tena na tena, kwa sauti mbaya, hovyohovyo, akiita kabla hajavuta pumzi. Sijui kama alifanya makusudi. Bibi alisikiliza, akageuka chali, akavumilia kidogo, halafu akapaza sauti dirishani, "Kisigino wewe! Nani alikuzaa?" Akaniambia nimpe sweta lake.

Tulipanda meli mwishoni mwa mwezi wa nane, sote watano. Bibi alipanda kwa kumshika baba, hilo hakulikataa. Masharti yake yalikuwa ya kushuka. Njia nzima hakula. Nansio ilipoonekana alijifunga kitenge upya na kumwomba mama amfute uso. Gatini palijaa watu, na wengine walikuwa wale wale wanawake. Baba alimpa mkono kwenye ubao wa kushukia, bibi akausukuma. Akaanza kushuka. Kisigino, halafu unyayo, kisigino, halafu unyayo, akinong'ona, na mimi niliyekuwa nyuma yake nilisikia anachonong'ona: alikuwa akijiita na kujiitikia. Alipokanyaga saruji, mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wengine wakadakia, na baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia, akakaa juu ya gunia la mtu na kulia mbele za watu.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, akapanda muhogo wake na kulifagia kaburi, mpaka akalazwa kando yake. Sisi mazoezi yetu yaliishia gatini. Tuliporudi Mwanza hakuna aliyegonga mlango. Baridi ilikuwa inakwisha, shule imefunguka, na hakuna aliyesema tuache, tuliacha tu. Leo kaka yuko Dodoma, anakimbia peke yake na vitu masikioni. Mama anatembea mpaka barabara ya lami akirudi anakanda magoti. Baba hayupo. Mimi nafanya yangu chumbani nikifuata mtu kwenye simu, ananihesabia kwa furaha, hanijui. Tangu mwaka ule hatujawahi tena kusimama wote katika uwanja mmoja na kuvuta pumzi kwa pamoja, na hilo ndilo ninalolikosa kuliko hata yale matobolwa.

Nilifurahi siku ile ya gatini Nansio, usinielewe vibaya. Lakini mimi, mama na kaka tulipaswa kurudi na meli ile ile kwa sababu ya shule, na baba peke yake ndiye aliyemsindikiza bibi nyumbani kwake. Nikasimama gatini nikiwatazama wakipanda barabara. Miezi yote ile nilikuwa nimeomba bibi atembee, na sikuwa nimefikiria kwamba akitembea ataondoka. Nilitaka ageuke mara moja tu. Hakugeuka. Barabara ilikuwa na mawe, na yeye alikuwa anaangalia anapokanyaga.