Nilimwambia Nesi Ni Mimba ya Kwanza

Nimekosa jamani, tena kwa maneno mawili tu. Nikiyakumbuka natamani kujipiga makofi!

Kabla sijaolewa nilizalia nyumbani kwetu Rubafu. Mimba haikufika hata miezi minane. Yule njiti alikufa, baba akamzika kibanjani kati ya migomba, na mama akanionya: "Funga mdomo. Wakijua, nani atakuoa?"

Nikafunga. Nikaolewa Muleba, kwa mwanamume mpole wa familia ya kanisani, nikashika mimba.

Kliniki siku ya kwanza wanataka uje na mume. Akaja, tukakaa bega kwa bega. Nesi akauliza, "Mama, mimba ya ngapi hii?" Mume wangu akanitazama anatabasamu. Ningesemaje?

"Ya kwanza," nikajibu.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, napalilia maharage na mama mkwe, kiuno kikaanza kuvuta. Maumivu yale niliyajua! Ni yaleyale ya Rubafu. Lakini ningesema ni uchungu, angeniuliza nimeujulia wapi. Nikaendelea kupalilia mpaka jioni.

Hospitali ya Bukoba tulifika tumechelewa. Mtoto wa kiume. Hakupambazukiwa.

Mume alipotoka kuwapigia ndugu simu, nilimweleza daktari ukweli huku nalia. Akashusha pumzi. "Ungesema, mama. Aliyewahi kuzaa njiti, mimba inayofuata ina hatari kubwa zaidi ya kuja kabla ya wakati. Si lazima itokee, lakini tungekufuatilia kwa karibu, na kiuno kikivuta tu ungekuja."

Nyumbani mama mkwe akanikumbatia. "Pole, mwana wange. Kumzika mzaliwa wa kwanza kunauma." Mawe, mama yangu! Nililia wawili, wao wakahesabu mmoja.

Sasa nina mimba tena. Jumatatu ni kliniki, mume ameshafua shati. Jana namenya ndizi, yeye kakaa karibu, nikafungua kinywa nimwambie. Nikasema chumvi imeisha.

Dada zangu, ukiwa na siri kama yangu mwombe nesi muongee wawili tu, mume asubiri nje. Nesi atakuelewa. Usimfiche hata kidogo! Nawashauri ninyi jambo ambalo mimi mwenyewe natetemeka kulifanya.

Maana Jumatatu nesi atauliza tena mimba ya ngapi, na mume wangu kwa furaha yake atawahi kujibu, "Ya pili." Nisipomkatiza palepale, wa tatu nitakuwa nimemzika kwa mdomo wangu.