Majina Yaliyofungwa kwa Leseni

Ugbad Guleid alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba, na hakuwa na desturi ya kufanya jambo kabla ya kulipima. Baada ya mafuriko ya mwaka 1997, mto Tana ulipofurika na kutawanya familia kutoka Garissa hadi Bura, shirika dogo la misaada lilimpa kazi ya kutengeneza orodha ya waliopotea. Vituo kumi na vinne vya mkoa vingesoma majina kwa redio ya mawasiliano. Mchapaji, Sahara, angeyaingiza moja kwa moja kwenye kompyuta. Kisha kila Jumanne programu ingelinganisha waliotafutwa na waliopatikana. Jina la kwanza la waliotafutwa Ugbad aliliandika mwenyewe: Salah Guleid, miaka kumi na sita, kovu la moto bega la kushoto. Alikuwa mdogo wake.

Viunzi viwili vya kujengea programu za wavuti vililetwa kutoka Nairobi kwenye sidii. Kwa wiki tatu alivijaribu, akapiga mistari daftarini: wepesi wa kujifunza, kasi, namna kila kimoja kinavyohifadhi majina. Cha kwanza kilikuwa huria; msimbo wake wote, yale maandishi yanayoiamuru mashine, ulikuwa wazi, na majina yangekaa katika faili ya kawaida ambayo mashine yoyote ingeisoma. Cha pili kiliuzwa na kampuni. Msimbo wake ulifichwa, na majina yangefungwa kwa namna ambayo chenyewe tu kingeweza kuyafungua. Kwa daftari lile, cha kwanza kilishinda.

Kisha akasoma leseni. Ya kiunzi huria ilimruhusu yeyote kukitumia, kukibadilisha na kukigawa, mradi atakachokitoa kutokana nacho kiwe huria vilevile. Aliisoma mara nne, na kila mara alimwona ngamia wa maziwa anayeazimwa na jamaa maskini. Unamchunga, unamkamua, lakini yeye na ndama wake wote ni mali ya mwenyewe, naye anaweza kuja asubuhi yoyote akawaswaga. Ugbad aliyaona hayo kwao akiwa na miaka tisa.

"Abaayo, dada yangu, hii si azima," alisema Khalif, fundi wa ofisi, mtu wa Wajir. "Umepewa. Hakuna atakayekuja."

"Mtoaji ni nani? Wa ukoo gani? Shahidi yuko wapi?"

Khalif alicheka. "Unataka mzungu wa ng'ambo akuhesabie babu zake kumi?"

"Nataka nijue nitamwendea nani akigeuka. Hawa wa pili wana muhuri, sahihi na anwani."

"Na wana tarehe ya mwisho. Mwaka mmoja tu. Umeiona?"

"Nimeiona. Mradi utaomba mwaka mwingine."

"Haya, bibi wa mihuri. Mimi nimesema."

Ugbad alichagua cha pili, na programu ilifanya kazi vizuri. Familia mia mbili na kumi na moja zilikutana. Kisha, mwezi wa Mei 1999, wafadhili waliondoka, vituo vikafungwa, na leseni haikuombwa tena. Jumanne ya tarehe mosi Juni, kioo cha kompyuta kilionyesha mstari mmoja tu: muda wa matumizi umekwisha.

Sahara aliutazama mstari ule, akageuka polepole. "Ugbad, Alhamisi niliingiza Salah Guleid. Kovu la moto, bega la kushoto."

"Hukuniambia?"

"Majina hufanana. Nilisema Jumanne mashine itatuhakikishia. Sikutaka kukupa tumaini la bure."

"Kituo gani?"

"Sikumbuki, wallahi. Siku ile vituo vyote vilikuwa vinasoma majina ya mwisho. Ilikuwa sauti ya mwanamke. Alisema kijana yuko na watu wa ngamia, wanahama."

Khalif alirudisha nyuma saa ya mashine, programu ikakataa. Akajaribu kuyasoma majina kwa programu nyingine, akapata alama zisizo na maana. Ugbad aliandika kwa ile anwani, na baada ya wiki mbili wakamjibu kwa barua fupi kwamba bila mkataba mpya hawana la kufanya. Wasomaji wa vituo waliopatikana hawakukumbuka jina lile. Khalif alikuwa na haki ya kumkumbusha maneno yake. Hakumkumbusha.

Siku barua ile ilipofika, Ugbad alikwenda kwa mama yake, Fatumo. "Hooyo, Salah alikuwa hai mwezi uliopita."

Fatumo alisujudu. Alipoinuka alitandika kitambaa na kuweka juu yake shati na ndara za mwanawe. "Yuko wapi?"

Ugbad alimweleza yote, hatua kwa hatua, viunzi viwili, leseni, tarehe, na kwamba uchaguzi ulikuwa wake. Fatumo alisikiliza hadi mwisho, mikono yake ikiendelea kukunja shati.

"Basi tutaanza Wajir," alisema.

"Kwa nini Wajir, Hooyo?"

"Kuna visima. Wenye ngamia lazima wanyweshe."

Ugbad aliwaza upana wa nchi ile, na visima vyake vyote. Akashika ncha ya pili ya kitambaa, wakafunga fundo.